Mbao Isiyojengeka

Mahali shina la mti linapogawanyika kuwa matawi mawili makubwa, pale kwenye panda, nyuzi za mbao hugombania njia. Za upande huu zinaelekea kushoto, za upande ule kulia, na katikati zinasukumana, zinapindana na kuingiliana mpaka haijulikani ipi imetoka wapi. Pasua panda ya mkangazi katikati, uirande, uipake mafuta kidogo, na utaona mwali mwekundu ukipanda kutoka chini na kutawanyika pande zote mbili. Ndani ya mti sijaona kizuri kuliko hicho. Na hakuna mbao mbaya kuliko hiyo ya kujengea. Itengenezee uso mzima wa meza, na haitachukua muda mrefu itakuwa imepinda, au imepasuka, au vyote viwili.

Nundu nazo ni vivyo hivyo. Nundu inayoota kwenye shina la mjozi imejaa machipukizi yaliyoshindwa kutoka nje, na nyuzi hulizunguka kila moja. Ukiikata, uso wake ni macho matupu, madogo kwa makubwa, yamebanana. Lakini haina upande wenye nguvu. Ukiifanya mguu wa kiti huvunjika, ukiipigilia msumari humeguka. Kila seremala anaijua hali hii: mbao inavyozidi urembo ndivyo inavyozidi ukaidi, na ile tulivu yenye nyuzi zilizonyooka, isiyomsumbua mtu, mara nyingi haina cha kutazama.

Vinia imetoka hapo. Ni ganda la mbao, jembamba kama ukucha katika viwanda vya leo, nene kama sarafu katika karakana za zamani, linalokatwa kwenye mti mzuri na mkaidi kisha kubandikwa juu ya mbao tulivu. Watu wengi hudhani ilibuniwa na bahili. Bahili alinufaika nayo, hilo halina ubishi, lakini kisa chake hasa kiko katika tabia ya mbao yenyewe. Mbao haitulii hata baada ya kukatwa. Masika huvuta unyevu wa hewa ikanenepa, kiangazi huupoteza ikakonda, na badiliko hilo hutokea kwenye upana. Kwenye urefu wa nyuzi halionekani kabisa. Ubao ambao nyuzi zake zinakwenda kila upande hunenepa kila upande, kila sehemu ikivuta kwake. Ganda jembamba halina ubavu wa kuvuta hivyo. Likishikwa vizuri na gundi, hufuata mbao iliyo chini yake. Uzuri wa panda na wa nundu, ambao ungeishia kuwa kuni, ukapata mahali pa kukaa kwa miaka mia tatu.

Ufundi huu ni wa kale mno, na mti mmoja wa kwetu umo ndani yake tangu mwanzo. Katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, waziri aliyemtumikia Farao Thutmose III katika karne ya 15 kabla ya Kristo, kuna picha za maseremala kazini, na miongoni mwao yumo mmoja anayepaka gundi, pamoja na chungu chake kilichokaa juu ya moto. Abunusi ya Wamisri, ile iliyochongwa kwenye michoro ya safari ya Malkia Hatshepsut ya kwenda nchi ya Punt, wataalamu wa miti wameitambua kuwa ni mpingo, mti uleule wanaouchonga Wamakonde. Haukuhitaji kutoka Kilwa wala Lindi, kwa kuwa mpingo unaota pia Sudan na Ethiopia. Lakini fundi wa Misri aliyeuchana mpingo mwembamba na kuupanga na pembe za ndovu kwenye masanduku ya Tutankhamun alipambana na ugumu uleule anaoujua leo mchongaji wa Mtwara: mbao inayomaliza makali ya chombo kabla fundi hajaona alichokifanya.

Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, hakuipenda vinia. Aliorodhesha miti iliyofaa kuchanwa hivyo, kisha akalalamika kuwa ni anasa kuvisha mti mmoja ngozi ya mwingine, na kwamba ujanja huo ulibuniwa ili mti mmoja uuzwe mara nyingi. Ninamheshimu, lakini hapa simfuati. Mti mmoja kuuzwa mara nyingi maana yake miti mingine imebaki imesimama.

Kwa karne nyingi vinia ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono. André Jacob Roubo, seremala wa Paris aliyeandika kitabu kikubwa cha useremala mwishoni mwa miaka ya 1760 na katika miaka ya 1770, ameichora kazi hiyo: gogo limesimamishwa wima kwenye jiriwa, watu wawili wameshika msumeno mpana wa fremu, mmoja huku na mwingine kule, wanashuka taratibu. Shiti iliyopatikana ilikuwa na unene wa milimita moja hadi mbili, na kwa kila shiti karibu kiasi kilekile cha mbao kiligeuka unga chini ya msumeno. Nikitazama mchoro huo huwa nafikiria mikono yao. Msumeno ukipotoka kwa unene wa uzi tu, shiti nzima ya mti uliosafirishwa kutoka ng'ambo ya bahari imekwisha thamani.

Siku hizi kisu kimechukua nafasi ya msumeno. Gogo huchemshwa au kulowekwa kwenye maji ya moto kwa siku kadhaa mpaka lilainike, kisha husukumwa kwenye kisu kirefu kinachoondoa shiti moja baada ya nyingine bila unga wowote, kila moja ikiwa na unene wa takriban nusu milimita. Hapo ndipo uamuzi mkubwa unapofanyika, na hauwezi kurudiwa: kisu kipite upande gani? Gogo likipasuliwa nusu na kisu kikaenda sambamba na uso uliopasuliwa, michirizi ya miaka hutokea ikiwa na vilele vinavyopandana katikati ya shiti. Kisu kikielekezwa kwenye kiini, michirizi hunyooka kama iliyopigwa kwa rula. Mwaloni ukikatwa kwa namna hii ya pili hutoa madoa ya fedha ambayo huwezi kuyaona ukiukata kwa namna ya kwanza. Sapele, mti wa misitu inayoanzia Afrika Magharibi hadi Kongo na Uganda, una nyuzi zinazoegemea upande mmoja kwa miaka kadhaa halafu zikageukia upande wa pili; ukikatwa kuelekea kiini hutoa riboni za mwanga na kivuli, na ukitembea mbele ya kabati lake riboni hizo hubadilishana: iliyokuwa nyeusi inang'aa, iliyong'aa inafifia. Gogo pia linaweza kuzungushwa mbele ya kisu na kumenywa. Hivyo ndivyo plaiwudi nyingi zinavyopatikana, na mimi binafsi naona namna hiyo huuharibu mti wenye sura, isipokuwa ile michache yenye macho madogo madogo ambayo huonekana vizuri zaidi kwa kumenywa.

Shiti zikishatoka hazichanganywi. Hufungwa kwa mpangilio uleule zilivyokuwa mtini, ya kwanza juu ya ya pili, ya pili juu ya ya tatu, na mwenye duka makini hakuuzii ya katikati akavunja mfululizo. Sababu yake ni hii. Shiti mbili zinazofuatana zinakaribia kufanana kabisa. Ukiichukua ya juu na kuifungua kando ya mwenzake mithili ya kufungua kitabu, nundu ya kushoto inakutana na nundu ya kulia, mwali unaelekeana na mwali, na mti ambao haukuwahi kuwa na ulinganifu unaupata. Fungua nne, unapata duara. Zipange nyingi zenye umbo la pembetatu kuzunguka kitovu kimoja, unapata jua juu ya meza ya mviringo. Kuna gharama ndogo hapa ambayo fundi pekee ndiye anayeijua. Kisu kinapopita, upande mmoja wa shiti hubaki mgumu na upande wa pili hupata nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Ukizifungua shiti kwa namna hiyo, moja inaonyesha upande mgumu na jirani yake upande wenye nyufa, na zinapopakwa rangi au vanishi zinapokea mwanga tofauti. Fundi mzuri huliona hilo mapema na kuchagua: ama aukubali utofauti huo na kuutumia, ama azitelezeshe shiti zake bila kuzigeuza.

Sasa kubandika. Namna ya zamani, ambayo bado inatumika kwa kukarabati samani za thamani, inahitaji gundi ya ngozi ya wanyama inayopashwa moto kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji, nyuzi joto 60 hivi. Ikichemka imeharibika. Ubao wa chini hukwaruzwa kwanza kwa randa yenye kisu cha meno, ili uwe sawa na wakati huohuo uwe na mikwaruzo ya kushikia. Gundi hupakwa chini, shiti hulazwa, gundi nyingine hupakwa juu yake ili chombo kiteleze. Chombo chenyewe kinaitwa nyundo lakini hakipigi. Kina mpini wa mbao na kichwa kipana chenye ulimi butu wa shaba. Fundi hukikandamiza kwa mikono miwili na kukisukuma kwa kwenda kombo kombo, akianzia katikati kuelekea ukingoni, na gundi ya ziada hutoka pembeni ikiwa bado ya moto. Ana dakika chache tu. Gundi ikipoa inashika, na haisubiri mtu anayefikiria.

Shiti mbili zinapokutana, hazikatwi kwanza kisha zikatafutwa zilingane. Zinalazwa zikipandiana kidogo, rula ya chuma inawekwa juu, na kisu kinapita kwenye zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kipande cha juu kinaondolewa, cha chini kinachomolewa, na kingo mbili zilizokatwa na kisu kimoja zinakaa pamoja bila nafasi ya kupitisha hata unywele. Juu ya kiungo hubandikwa utepe wa karatasi uliolowanishwa. Utepe ukikauka unasinyaa, na unaposinyaa unazivuta kingo zikabane zaidi.

Halafu fundi anasikiliza. Anapitisha ncha za kucha juu ya uso mzima, akigonga kidogo kidogo. Palipopata gundi panatoa sauti kavu, fupi. Palipo na pengo panatoa sauti pana, tupu, hata kama jicho halioni chochote. Akipapata mahali hapo anaweka kitambaa chenye unyevu na pasi ya uvuguvugu, gundi inalainika, anasukuma tena. Na jambo hilo hilo linafanya kazi hii iweze kutunzwa vizazi kwa vizazi: gundi iliyoshika kwa joto huachia kwa joto na unyevu. Miaka 200 baadaye mkarabati anaweza kuinua kipande, akakisafisha chini na kukirudisha, wala mti haujaumia. Gundi nyeupe ya dukani haitoi ruhusa hiyo.

Kazi hii ilifika kilele chake Paris, katika dawati ambalo Mfalme Louis XV aliliagiza mwaka 1760. Jean-François Oeben, fundi mzaliwa wa Ujerumani, alilianza na akafariki mwaka 1763 bila kulimaliza. Mwanafunzi wake Jean-Henri Riesener, naye Mjerumani kwa kuzaliwa, aliiendeleza karakana, akamwoa mjane wa Oeben, na mwaka 1769 dawati likafikishwa Versailles, ambako lipo leo. Miaka tisa. Robo mzunguko wa ufunguo mmoja hufungua kifuniko chake kilichopinda nusu duara pamoja na droo zake. Makanika walisifiwa sana kwa hilo, na walistahili. Mimi lakini naishia nje, kwenye vinia.

Dawati zima, hata mgongo wake, limevikwa picha za maua, vikapu na vyombo vya sanaa, zote zikiwa vipande vya mbao vilivyokatwa na kuunganishwa. Ufundi wa picha za namna hii, maketri, hutumia msumeno wenye utepe mwembamba karibu kama uzi. Mafundi wa Paris walibuni kwa ajili yake benchi maalumu ambalo mkataji hulikalia kwa kulipanda. Mguu unakanyaga kibano kinachoshika mbao, mkono mmoja unaigeuza kazi, mwingine unausukuma na kuuvuta msumeno. Kazi ndiyo inayougeukia msumeno. Wanafunzi bado wanafundishwa ukataji huu, na shule ya ufundi iliyofunguliwa Paris mwaka 1886 ina jina la André-Charles Boulle, aliyeishi kati ya 1642 na 1732. Boulle alikata gamba la ng'amba, yule kasa ambaye watu wa pwani yetu wanamjua vizuri kwa magamba yake, pamoja na shaba, vikiwa vimepandanishwa. Mkato mmoja ulimpa picha mbili: shaba ndani ya gamba, na gamba ndani ya shaba. Hakuna kilichotupwa.

Lakini ua la mbao likishakatwa ni bapa. Ili petali iviringike, fundi huchukua sufuria ya mchanga safi, laini, akaupasha moto sana. Anashika kipande cha petali kwa kibano na kuchomeka ukingo wake mchangani. Sekunde chache. Ukingo ulio ndani kabisa unaungua ukawa kahawia iliyokolea, sehemu inayofuata inapata hudhurungi nyepesi, na ncha iliyobaki nje ya mchanga haiguswi. Anachomoa, anatazama, anachomeka tena. Akizidisha, kipande kimekuwa mkaa na inabidi akikate upya. Kivuli hicho hakijapakwa juu, kimeingia ndani ya mbao, kwa hiyo msasa haukiondoi. Petali moja, kisha inayofuata, kisha jani, kisha kikonyo, mpaka shada zima linapata mwanga kutoka upande mmoja tu. Nikiwaza ni vipande vingapi vya aina hiyo vimo katika dawati moja, miaka tisa inaacha kunishangaza.

Picha hizo hazikuwa na rangi ya kahawia tunayoiona sasa. Mbao nyeupe zilichovywa kwenye rangi, nili kwa buluu, na nyingine kwa kijani, njano na nyekundu, na vyumba vya wakati ule viling'aa kwa rangi ambazo leo zingetushtua. Mwanga wa jua umezila. Mkarabati anapoinua kipande cha maketri ya zama hizo na kukipindua, mara nyingi hukuta upande wa chini jani bado ni la kijani.

Yeyote anayedhani vinia ni dalili ya umaskini wa fanicha amtazame pia Émile-Jacques Ruhlmann, aliyefariki mwaka 1933. Fanicha zake zilikuwa miongoni mwa zilizouzwa ghali zaidi Paris, na nyuso zake zilikuwa vinia: abunusi ya Makassar yenye michirizi, nundu za miti ya Asia. Kwetu mambo ni kinyume. Pita kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au kandokando ya Ngong Road, Nairobi, na utasikia mteja akiulizia mninga mzima kwa fahari, na akitamka vinia kama tusi. Namwelewa. Alichouziwa kwa jina hilo mara nyingi si mbao hata kidogo. Ni karatasi iliyochapwa picha ya mbao na kubandikwa juu ya ubao wa chembechembe. Ikikwaruzwa inaonyesha unga, ikilowa inavimba. Hasira yake ni ya haki, ila anayepaswa kubeba lawama hizo si vinia.

Na mninga mzima unakuja kutoka mahali. Mwaka 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipokutana Panama ziliiweka jamii ya mninga, ya mkongo na ya mkangazi ya Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali, na vinia imetajwa humo pamoja na magogo na mbao. Hesabu ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya mninga ikipasuliwa mbao za sentimita mbili na nusu, kabla ya kuondoa hasara yoyote, inatoa nyuso za mita za mraba 40. Ikikatwa vinia ya milimita 0.6 inatoa zaidi ya 1,600. Gabon ilizuia kusafirisha magogo mwaka 2010, na miti yake ya okume sasa humenywa viwandani hukohuko. Ningependa kuona karakana za kwetu zikiichana panda ya mkangazi badala ya kuipeleka kwenye tanuri la mkaa.

Kwa anayetaka kuijua kazi njema kabla ya kulipa, mambo ni machache. Tafuta doa au fundo moja kwenye uso wa meza, kisha litafute tena. Likijirudia sawasawa mahali pengine bila kugeuka wala kusogea, hiyo ni karatasi iliyochapwa. Inama utazame upande wa chini wa meza. Kama hauna vinia, hata ya mti wa bei rahisi, iache meza hiyo, kwa sababu upande mmoja ukivuta bila mwenzake kuvuta, uso utapinda tu. Pitisha kucha juu yake na usikilize. Kisha rudi nyuma hatua mbili uangalie droo zote kwa pamoja. Kama mwali unaanzia droo ya chini na kupita kwenye ya pili na ya tatu hadi juu bila kukatika, basi fundi alitumia shiti moja na kuzikata nyuso zote kwa mfuatano wake, na akihitaji muda wa ziada kuimalizia vanishi, mpe.